Kibali cha Paa la Mama

Donge la barafu lilitua katikati ya kigae cha paa, likasambaratika, vipande vikaruka hadi kwenye karai la nguo. Kigae chenyewe hakikubonyea.

"Hiki kimepita," alisema Mama Mkwe, akijifuta mikono kwenye gauni. "Lete kingine."

Mkwewe, kinyozi, akaleta kingine. Majirani wakasogea wasipitwe. Siku hizi kila Jumamosi ilikuwa hivyo: ua unafurika watu, friza inamwagwa madonge yaliyogandishwa kwenye vikombe, na yule mama, ambaye kwa shabaha yake mtaa mzima ulishambandika jina la Jemedari, anapanda juu ya kiti na kushambulia sampuli za paa huku watu wakiwekeana dau la soda.

Chanzo chake ni mvua ya mawe. Ilipita juu ya nyumba ya Jemedari, ng'ambo ya mji, ikayaacha mabati yake ya zamani yametobokatoboka kama chujio. Mjane, anaishi peke yake, na sasa hata kitanda hakina pakavu pa kukaa. Binti yake, mshonaji, akamleta kwake mpaka paa jipya liezekwe. Mama alikuja na kijifuko kimoja, na kila aliyemsalimia aliambiwa bila kuuliza kwamba yeye si mtu wa kuhamia kwa mkwe. Paa likiisha tu, kwaherini.

Sasa paa ndilo halikuanza. Kinyozi alijitolea kufuatilia kibali ofisi ya ujenzi, na kila akirudi alikuwa na jipya. Mara wanataka vifaa vya kuhimili mvua ya mawe, tena vijaribiwe kwanza. Mara bati alilochagua ni jembamba. Mara vigae vya chuma vyenye changarawe vinafaa, ila haijulikani kama mbao zitabeba uzito. Mara mteremko wa paa haujawaridhisha. Siku nyingine afisa hayupo, na hakuna anayejua kaenda wapi. Kinyozi aliyasimulia haya mezani huku akiwaponda maofisa hao mpaka chakula kinapoa, na Jemedari alimsaidia kuwaponda.

Mshonaji hakuwa na raha. Akimtazama mumewe aliona ndoa yake ndiyo inayovuja. Alimjua mtu wake: mpenda nafasi, wa kula haraka na kuondoka. Leo Jemedari ameteka kiti chake, ndiye anayechagua stesheni ya redio, anamfundisha kunyoa, na kila jioni anamfunga kwenye drafti bila huruma. Mwanamume gani atavumilia? Tayari alikuwa anafunga saluni mapema na kurudi jua lingali juu, bila shaka kichwa kinamuuma. Juzi mshonaji alimkuta anabadilisha bawaba za mlango wa chumba cha mama, akigonga misumari kwa nguvu zote. Akajua hiyo ni hasira. Bado kidogo mume atasema neno ambalo mama hatalisahau.

Akaamua kwenda ofisini mwenyewe. Kinyozi alimkatalia katakata: foleni ndefu, joto, maofisa wajeuri, na cherehani atamwachia nani? Akajitolea kwenda tena yeye, hata leo hii. Mshonaji alimwonea huruma kweli. Alisubiri aende kazini, akatokea mlango wa nyuma.

Afisa wa majengo alikuwa mama mnene mwenye miwani iliyoning'inia shingoni, wala hakuwa mjeuri. Alimkaribisha kiti, akamsikiliza mpaka mwisho. Akauliza kama kuta ni zilezile. Zilezile. Hakuna chumba kinachoongezwa? Hakuna, ni paa tu.

"Basi hiyo haina kibali, dada. Ezekeni. Chagueni bati nene, mawe yasiwarudie. Mbona mumeo nilimwambia tangu siku ya kwanza?"

"Akasemaje?"

"Aliniuliza kama hakuna namna yoyote nyumba hiyo ingeweza kuhitaji kibali."

Mshonaji alirudi nyumbani kwa miguu, haoni njia wala haoni magari. Saluni kufungwa mapema. Drafti. Bawaba za mlango. Mpita njia mmoja alimsalimia mara mbili bila kujibiwa, akasonya.

Uani alimkuta mumewe keshafika, anawaeleza majirani ubaya wa mteremko mdogo. Alipomwona mkewe anaingia na mkoba wa kutokea, akainama kupanga vigae ambavyo vilikuwa vimepangwa.

Mshonaji alipitiliza hadi jikoni, ambako mama yake alikuwa anamenya vitunguu. Haki ya mama ni kuambiwa: fundi angeweza kuanza hata kesho, na kabla mwezi haujaisha akawa kwake.

"Mama, nimetoka ofisi ya ujenzi."

Jemedari aliweka kisu chini. Akausukuma mlango ukajifunga.

"Wamekwambia kibali hakihitajiki," alisema kwa sauti ya chini.

"Ulikuwa unajua?"

"Nilikwenda mwenyewe, wiki ileile niliyofika." Alichungulia dirishani, akamtazama mkwewe anavyohamisha vigae kutoka upande mmoja wa ua kwenda mwingine. "Sasa usije ukamvunja moyo mwenzio. Toka umwambie safari hii wanataka na mchoro wa mifereji ya maji."