Wagonjwa Wamepungua

"Usimpime huyo," mhasibu akasema. Hakuwa hata amebisha hodi.

Nesi alikuwa ameshamfunga Babu Boila kitambaa cha presha mkononi. Mzee huyo ndiye aliyekuwa fundi wa boila la kiwanda, na tangu mpango wa afya ya wafanyakazi uanze alikuwa akimkwepa nesi kama mtoto anayekwepa sindano. Leo ndiyo kwanza amebembelezwa akakubali kukaa.

"Kwa nini asipimwe?"

"Mwache tu arudi kazini."

"Au dawa zake zinatoka mfukoni mwako?"

Babu akaangua kicheko. "Mwanangu, huyu akipiga chafya anaikatia risiti!"

Kiwandani walimwita mhasibu huyo Mkono wa Birika, na ubahili wake ulijulikana mpaka getini. Mhasibu akafungua mdomo, akautazama mlango uliokuwa wazi nyuma yake, kisha akaondoka.

Nesi akapima. Akazisoma namba mara mbili.

"Babu, presha yako iko juu mno. Lakini usihofu, nalituma jina lako ofisini sasa hivi. Watakutoa kwenye joto la boila wakupe kazi nyepesi, kama wenzako."

"Haya, mama. Nimejiweka mikononi mwako." Mzee akashusha mkono wa shati, akaenda zake akipiga mluzi.

Nesi akalituma jina kwa simu, akapanda ngazi kwenda kikaoni. Mpango ulikuwa unajadiliwa leo, ubaki au ufe. Yeye alikuja hapo kila Alhamisi tu, siku nyingine alikuwa hospitali, lakini mpango huo aliupenda kama mwanawe. Mwanzoni benchi la wagonjwa lilijaa mpaka nje: miguu iliyovimba, sukari, vifua vibovu. Sasa aliweza kukaa asubuhi nzima akipiga miayo. Waliopona hawana haja ya nesi, na hilo lilimfurahisha kuliko mshahara.

Mhasibu alikuwa ameshaanza kuzungumza.

"Vipimo, dawa, mwalimu wa mazoezi, nesi mwenyewe. Yote hayo ni gharama. Naomba tuufunge leo. Leo hii, mkurugenzi, si kesho."

Nesi akashindwa kujizuia. Alimchukia mtu yule waziwazi.

"Mwaka jana mtu alianguka kwenye mashine akafa wenzake wakimtazama! Mkiufunga mpango huu, mtakuwa mnaua watu."

"Kaa, nesi, kaa," mkurugenzi akasema kwa upole. Alikuwa mtu wa tabasamu, anayemwuliza kila mtu habari za nyumbani. "Nani anafunga? Mhasibu wangu anaona kinachotoka, haoni kinachoingia. Bili ya hospitali imeshuka, ruhusa za ugonjwa zimekwisha, na mashine hazisimami tena kwa kukosa mtu. Mpango huu unajilipa wenyewe! Mwezi ujao tunaupeleka kwenye viwanda vyetu vyote, na nesi ndiye atakayeusimamia."

Machozi ya furaha yakamlenga nesi. Mkurugenzi akampa mkono, akachukua koti lake na kutoka, na chumbani wakabaki wawili.

Nesi hakuweza kuiacha nafasi hiyo ipite.

"Umesikia, Mkono wa Birika? Wagonjwa wamepungua!"

Mhasibu akafunga daftari lake.

"Yule mzee wa boila," akauliza, "jina lake umeshalipeleka?"

"Kabla sijapanda ngazi. Uchungu wa dawa utakuua."

Mhasibu akavua miwani, akaziba macho kwa viganja.

"Hawajapungua, nesi," akasema. "Wamepunguzwa."