Kiganja Kwenye Jeli

Ornella, fundi wa kusafisha picha za kuchorwa, alibandua kipande cha mwisho cha jeli ya mwani ya kufyonzea uchafu, na kona ya picha ya Bikira ikang'aa. Masizi yote yalikuwa yamenaswa kwenye jeli.

"Haya mama, mbona umenuna? Imetakata kama sahani ya harusi!"

Mwenye picha hakuutazama uso wa Bikira. Aliinamia ile kona.

"Alama ya kiganja iko wapi?"

"Kiganja gani?"

"Cha mwanangu. Alichezea mkaa, akajishikiza hapa. Tangu tumzike sijapagusa hata kwa kitambaa."

Ornella aligeuza jeli. Vidole vitano vidogo, vyeusi, vilikuwa mle.

Mama aliipokea kwa mikono miwili, akakaa nayo dirishani penye jua. Ornella hakupata moyo wa kumwambia kwamba jeli husinyaa ikikauka.

"Binti," mama akauliza baadaye, "mbona kinazidi kuwa kidogo?"