Mgongo wa Farasi

Jenoveva alimkuta mumewe akimchana farasi manyoya ya shingoni, taratibu, kama anayemtengeneza bibi harusi. Mwaka wa pili sasa farasi anakula pumba zao pale kijijini Buswahili, na hajawahi kubeba mtu wala kuni.

Akafunga madumu mawili matupu kwa kamba, akamtundikia farasi mgongoni.

“Mama, huyo habebagi!” mumewe akalalamika.

“Ila mimi ndo nabebaga, eti?”

Akavua kilemba, akainama. Utosini, pale ngata ya kubebea maji inapokaa, nywele zilikuwa zimeisha na ngozi inang'aa.

Mumewe akatazama. Kitana kikamdondoka. Akayashusha madumu, akayaweka begani mwake, akashika njia ya kisimani. Farasi akamfuata.

Jenoveva akaokota kitana.