Moshi Wenye Harufu ya Embe

Beata alikuwa sakafuni, ameshika ukingo wa kitanda, na ngozi ya shingo yake ilibonyea kila alipovuta pumzi.

"Ni yale mawazo yake yamerudi," mama alisema akiwa mlangoni. "Atatulia." Tangu Beata alazwe kwa sonona, kila alichougua kiliitwa mawazo.

Kaka yake alijua ni pumu. Alikuwa ametoka kuvuta vepu, sigara ya umeme yenye harufu ya embe, humo chumbani, kwa siri. Mama, aliyemsomesha chuo kwa fedha ya kahawa, alimwamini kwa kila kitu.

"Moshi," Beata alinong'ona, akimtazama kaka yake.

Mama hakusikia. "Anasemaje?"

"Anaomba tumwache apumzike," kaka alijibu, akamshika mama mkono, wakatoka.