Mgeni Aliyeinamia Nyumba

Kila mgeni aliyelala kwa Mzee Yasaku alijigonga kichwa. Boriti ya mlangoni iliwekwa enzi za watu wafupi, na mzee, badala ya kuonya, aliweka kitambaa cha maji baridi tayari kisha akangoja. Ndiyo ilikuwa karibu yake. Aliyecheka baada ya kugongwa alipewa chumba kinachotazama mto. Aliyenuna alilala upande wa ghala.

Chizuru aliingia ameinama. Aliinama chini kabisa, mikono mapajani, akasema, "Hodi, baba. Nitakusumbua siku mbili tatu." Mzee akabaki na kitambaa chake mkononi. Wageni wa siku hizi huingia wakitafuta pa kuchomeka simu; huyu alianza kwa kuisalimu nyumba. Moyo wa mzee ukamwendea papo hapo.

Alisema ametoka Kyoto, umati umemchosha. "Kule ukienda kuona hekalu, unaona visogo vya watu." Alitaka bonde tulivu, wali wa kuni, na mtu wa kumfundisha kusuka viatu vya mabua ya mpunga. Mzee akatoa mabua.

"Vidole mbali na panga hilo, binti," alimwambia walipokuwa wakikata. "Lilimla mwanangu kidole cha kati, mkono wa kulia, angali mdogo."

"Pole, baba. Yuko wapi sasa?"

"Shunpei? Huko mjini. Hatusemezani. Alitaka nimwonyeshe mahali pa uyoga."

Uyoga wa misonobari huota palepale kila vuli, na bondeni kwao mahali hapo ni siri ya mtu. Haambiwi mke. Mtoto hunong'onezwa baba anapokata roho, na wako wazee waliokufa midomo imefumbwa, wakasifiwa matangani. Shunpei hakutaka kungoja. Alitaka kuleta mabasi ya watalii, wachume kwa kiingilio.

"Lakini ni mwanao," Chizuru alisema.

"Mdomo wake hauna kufuli."

"Watu hubadilika, baba."

"Samaki hukunjwa angali mbichi. Yule alishakauka."

Chizuru akainamia mabua yake. Jioni, samaki wa mtoni wakiiva kando ya moto, alirudi palepale: na mzee asipomwonyesha mtu, itakuwaje? Mzee alisema atakwenda nayo kaburini, akajifanya kucheka. Lakini neno lile lilimuuma. Magoti yalikuwa yamemwishia. Mlima aliokuwa akiupanda kwa pumzi moja sasa ulimtaka akae kila penye jiwe. Baba yake na babu yake walipatunza pale mahali maisha yao yote, naye ndiye angepazika.

Asubuhi alimkuta jirani yake, Bi Umeno, akianika matunda ya vuli chini ya paa.

"Nataka kumwonyesha yule mgeni," alimwambia.

"Damu yako umeinyima, unampa mpita njia? Yasaku, huko ni kumpa paka samaki amlinde."

"Ana adabu. Uliona alivyoingia?"

"Adabu hata mwizi anayo, mpaka atoke," alisema Bi Umeno, akaendelea kufunga kamba.

Mzee hakusikia la mtu. Alimpandisha Chizuru mlimani kabla umande haujakauka, akamzungusha njia tatu za uongo, kwa mazoea tu, kisha akasukuma matawi. Uyoga ulikuwa ndio kwanza unachungulia kwenye majani makavu ya misonobari. Mzee akang'oa mmoja tu. Mwingine aliuacha ukomae.

Akafukia kishimo kwa udongo, akakibana kwa kiganja, vidole vimetanuka, mpaka alama ya mkono ikabaki. "Ardhi ikiachwa na kidonda, mwakani haizai. Baba yangu alinifundisha hivi. Nami nilimfundisha Shunpei, kwa uyoga wa ovyo wa kando ya shamba, nikijua iko siku nitamleta." Akapangusa udongo kiganjani. "Sasa nimekuleta wewe."

Chizuru alifunika uso akalia. "Mwite mwanao, baba. Mwite leo, nakuomba."

"Nimeshaita mtu. Niapie hutamwambia yeyote."

Chizuru akainama, chini kabisa, kama siku ile ya kwanza. Mzee akahesabu kuwa ameapa.

Mgeni aliondoka mchana uleule. Mzee aliungoja uyoga ukomae, na magoti yalipompa ruhusa akapanda na kikapu chake kikubwa. Njiani aliwaza amtengee Chizuru mmoja mnene, amtumie kwa posta, aukaange kwa chumvi tu.

Akasukuma matawi. Hapakuwa na kitu. Wote ulikuwa umeng'olewa, hata ule mdogo ambao mtu mwenye haya huuacha.

Mzee akakaa chini. Alimlaani Chizuru kwa jina, akamlaani na Bi Umeno kwa kuwa amesema kweli. Akajilaani mwenyewe, mzee mzima, kwa kusalitiwa na mtu aliyemlisha. "Na alivyoinamia nyumba yangu," alisema, na machozi yakamtoka bila kuyafuta.

Ndipo akaona ardhi. Mvua ilikuwa haijanyesha bado. Vishimo vyote vilikuwa vimefukiwa vizuri, udongo umebanwa, na juu ya kila kimoja palikuwa na alama ya kiganja.

Akanyoosha mkono wake wa kulia, akauweka juu ya alama iliyokuwa karibu. Vidole vinne vikalala mahali pake sawasawa. Cha kati kikakosa pa kulala.