Kizimba chenye Vipini Viwili

Mwanakombo alisema bismillahi, akapigilia msumari wa mwisho. Kizimba cha kobe wake kilikuwa mbao nne tu, bila chini wala juu, ili mnyama ale majani popote kitakapowekwa. Pande mbili alikitia vipini vya kukibebea.

Wifi yake Zaituni, dada wa marehemu mumewe, alisimama mlangoni akicheka. "Haya, fundi! Mjane yumo edani, na mtaa mzima unasikia nyundo yake."

"Nyundo haivunji eda, wifi."

"Na vipini vya nini? Ua wenyewe ndio huu, ukigeuka tu umegonga ukuta."

Mwanakombo alivuta kipini kimoja kuona kama kimeshika. Eda yake ilikuwa inaisha kesho. Shemeji yake Mbwana alikwisha kupaka rangi chumba na kuingiza kitanda kipya, na kila mtu nyumbani alijua kwamba anataka kumrithi mjane wa nduguye. Yeye mwenyewe hakuna aliyemuuliza neno.

Zaituni aliacha kucheka. "Unataka kurudi kwenu."

"Ndilo ninalomwomba Mungu kila sala."

"Vipini viwili, watu wawili. Cha pili atashika nani?"

"Sijui, wifi."

Zaituni alilitazama lango. Ufunguo wake ulikuwa mfukoni mwa kaka yake Mbwana. Kisha akainama, akashika kipini, wakanyanyua pamoja. Kizimba kikaning'inia kati yao, wala hakuna aliyepiga hatua. Chini, kobe aliyebaki bila kuta alitoa kichwa taratibu, akatazama upande huu, kisha upande ule.