Jini Haigandi

Niliponda beri nyeusi ndani ya glasi, vidole vikiniwasha kwa miiba ya uani.

"We Jago, ponda! Unazibembeleza?" baba alinitania. "Na yangu usitie jini. Mimi pombe nimeacha."

Mama alicheka. Chupa ya jini aliiweka pa kuonekana kwenye friza makusudi, baba ajue kwamba anaaminiwa.

Nikaitoa, nikaiinamisha juu ya glasi ya mama. Halikutoka hata tone. Nikaitikisa. Ndani mlikuwa na gogo jeupe la barafu.

Jini haigandi kwenye friza. Maji ndiyo huganda.

Baba akaitazama chupa. Baridi ya chupa iliniuma viganja.

"Mbona unakawia, mwanangu?" Mama alinyoosha mkono. "Hebu lete."

Nikampa baba chupa.

"Mmiminie wewe."